Bwana au Mwenzi? Mbwa wa Nchi za Barafu katika Usomaji wa Kiswahili Nateete

Vitabu vya safari za nchi za barafu vinapopendekezwa kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Uganda, pingamizi linalokuja upesi ni theluji. Kijana wa Nateete hajaigusa, ataielewaje? Makala haya yanadai kwamba kizingiti hakipo kwenye theluji, bali kwenye mbwa.

Historia ya Nateete yenyewe inalidhoofisha pingamizi hilo. Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, alifundisha kusoma hapo kwa Kiswahili kabla vitabu vya Luganda havijapatikana. Wasomaji wale wa mwanzo walisoma habari za nchi wasizowahi kuziona, na umbali haukuwazuia. Kiswahili nacho hakikukaa mbali na kaskazini. Selim bin Abakari, Mngazija, alisimulia kwa lugha hii safari yake ya Urusi na Siberia, na simulizi hiyo ikachapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Isitoshe, Uganda ina theluji yake katika vilele vya Rwenzori.

Ugumu halisi unaonekana katika The Call of the Wild ya Jack London, iliyotoka mwaka 1903. Buck, mbwa wa nyumbani huko California, anaibwa, anauzwa, anapigwa rungu hadi atii, kisha anafungwa kwenye sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji. Katika Kiingereza, London anampa Buck kiwakilishi cha mtu mwanamume, na uteuzi huo unamkweza. Kiswahili hakimpi mfasiri nafasi hiyo. Mbwa yeyote huchukua upatanisho wa viumbe hai: anavuta, amechoka, wamekufa. Sarufi yetu hutenga kiumbe hai na kitu, haimtengi mtu na mnyama. Kile ambacho London alikitafuta kwa kiwakilishi, mfasiri atakitafuta kwa vitenzi vya moyoni: alikumbuka, alishuku, alingoja. Wala asimfanye Buck aseme kama sungura wa ngano, kwa kuwa ukimya wa mbwa huyu ndio uzito wa kisa.

Hata hivyo, neno zito kuliko yote ni lile la kumtaja mwenye mbwa. Mfasiri akiandika “bwana wake”, amemwita pia mtumwa, hata kama hakumtaja. Kiswahili kilifika Buganda katika karne ya 19 kwa njia za misafara iliyobeba pembe na watu. Msomaji anayekutana na kuibwa, kuuzwa, rungu, mzigo na bwana katika kisa kimoja hataona mbwa peke yake. Ataona pia njia ile. Hilo si kosa la tafsiri. Ni maana ambayo Kiswahili kinaidhihirisha. Busara ni kuliweka “bwana” kwa wote wanaomnunua na kumtumikisha Buck, na kuliacha anapofika John Thornton, anayemwokoa. Hapo neno liwe “mwenzi”.

Kitabu hiki kina kasoro isiyofaa kufichwa shuleni. Huruma inayomiminwa kwa mbwa haiwafikii wenyeji wa nchi hiyo, ambao mwishoni Buck anawaua kama mawindo. Kwa hiyo kisomwe sambamba na A Negro Explorer at the North Pole cha mwaka 1912. Mwandishi wake, Matthew Henson, Mmarekani mweusi, aliendesha mbwa katika msafara wa Robert Peary wa mwaka 1909, na alijifunza lugha ya Wainuiti. Kwake wenyeji wana majina, kama Ootah, na wana ujuzi ambao bila huo hakuna mgeni ambaye angefika mbali.

Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri huleta kipindi darasani; haileti kitabu cha kusomwa usiku kwa hiari. Wanaoshauri kuhusu mitaala wagharimie tafsiri za aina hii, na wazikabidhi kwa wafasiri watakaosita mbele ya neno “bwana” kabla ya kuliandika.