Mzunguko wa Kigali: Pogačar alivyoshinda peke yake

Tarehe 28 Septemba 2025, katika mbio za wanaume za ubingwa wa dunia wa baiskeli mjini Kigali, Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia zikiwa zimebaki kilomita 104 hivi. Akashinda. Wengi wameueleza ushindi huo kwa nguvu za miguu yake na kuishia hapo. Nguvu anazo, lakini hazitoshi kuwa maelezo. Mtu mmoja anayepigana na upepo kwa saa moja na nusu hivi, nyuma yake kundi linalopokezana kuongoza, kwa kawaida hukamatwa. Ninachosema mimi ni kwamba barabara yenyewe ilimlinda.

Tangu Goma ianguke Januari 2025 mikononi mwa waasi wanaoungwa mkono na Rwanda, jina la Kigali ni zito masikioni mwa watu wa Ituri na Kivu, mashariki mwa Kongo, nami silipiti kimya. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Afrika, na kijana wa Bunia anayeupenda mchezo huu ana haki ya kuelewa kilichotendeka.

Njia ilikuwa ya kilomita 267.5. Waendeshaji walizunguka mjini mara 15, kila mzunguko kilomita 15.1, na katikati wakaingizwa kwenye mzunguko mkubwa zaidi unaopita Mont Kigali. Kila mara walikuta vilima viwili: Kigali Golf, mita 800 zenye mwinuko wa asilimia 8.1, kisha Kimihurura, kilomita 1.3 za barabara ya mawe. Ukijumlisha kupanda kote, unapata mita 5,475. Msomaji wa Bunia apime hivi: Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko karibu na 1,270. Anayetoka Kasenyi hadi Bunia huishia juu kwa mita kama 650. Wale walipanda kiasi hicho zaidi ya mara nane kwa siku moja, hewa ikiwa nyepesi kama ya kwetu au zaidi.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, nguvu nyingi ya mwendeshaji huliwa na upepo, na anayejibana nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi moja. Kwenye mwinuko wa asilimia nane mwendo hushuka, upepo hupungua makali, na adui mkubwa huwa uzito wa mwili na baiskeli. Kujificha nyuma ya mtu kunasaidia kidogo tu. Kwenye mteremko wenye kona pia kundi halipati faida kubwa, kwa sababu kila mmoja lazima ashike breki na kuacha nafasi. Faida ya wengi inabaki kwenye sehemu tambarare, na Kigali ina chache mno. Ukiwa na nguvu kuliko wote, mahali kama hapo hupotezi mengi kwa kuwa peke yako.

Pogačar alichagua Mont Kigali, mlima wa kilomita 5.9 wenye wastani wa asilimia 6.9, mrefu kuliko kilima chochote cha siku hiyo. Mlima mrefu huwachuja watu kabla hawajajipanga kumfukuza. Waliomfuata walikuwa Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico, ambao msimu mzima walikuwa wakiendesha naye timu moja. Ayuso hakudumu. Del Toro alisaidia kwa muda, naye akaachwa zikiwa zimebaki kilomita 66 hivi.

Remco Evenepoel wa Ubelgiji ndiye ambaye angeweza kuharibu mpango huo. Wiki moja kabla, katika mbio za kupambana na saa, alimkuta na kumpita Pogačar aliyeanza dakika mbili na nusu mbele yake. Siku ya mbio kubwa baiskeli ilimsumbua, akalazimika kuibadilisha zaidi ya mara moja. Alimaliza wa pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma. Ben Healy wa Ireland akawa wa tatu. Kati ya waendeshaji 165 walioanza, 30 tu walifika mwisho. Mimi naisoma namba hiyo kuwa muhimu kuliko zote: mwishoni nyuma ya Pogačar hakukubaki kundi la kumfukuza, walibaki watu mmojammoja waliochoka.

Kosa la wapinzani wake nalitaja waziwazi. Mwaka 2024, mjini Zürich, alishambulia zikiwa zimebaki kilomita 100 hivi, akawa bingwa. Walikuwa na mwaka mzima wa kujifunza, na bado Mont Kigali waliungoja badala ya kumtangulia. Timu yenye waendeshaji wawili wazuri ilipaswa kumpeleka mmoja mbele mapema, ili atakapokamatwa awe na mwenzake wa kusaidiana naye.

Mashindano yajayo ni ya Montréal, Kanada, Septemba 2026. Ukipata ramani ya njia, usianze na vilima. Tafuta kwanza tambarare ziko wapi na ni ndefu kiasi gani.