Akaunti za Visiwani na Hoja ya Daarul-Harb



Kuna maandishi ya aina mbili yanayopita mikononi mwa ndugu zetu wanaofanya kazi Maskati, Dubai, Doha, London na kwengineko. Aina ya kwanza ni vijitabu vya benki vinavyomshawishi mtu aishiye ughaibuni afungue akaunti katika visiwa vya Jersey, Guernsey au Man. Aina ya pili ni majibu mafupi ya kifiqhi, aghlabu ya ukurasa mmoja, yanayosema kuwa riba itokayo huko ni halali kwa Muislamu kwa sababu benki si ya Waislamu na kisiwa ni daarul-harb. Vijitabu vya benki vinasema kweli nyingi na kunyamazia nyingi zaidi. Majibu ya kifiqhi yanasema jambo zito kwa wepesi mno. Nitayakosoa yote mawili, lakini ya pili nitayapa nafasi kubwa, kwani benki haikudai kuwa inafundisha dini.

Tuanze kwa uadilifu. Visiwa hivyo vitatu viko chini ya Taji la Uingereza lakini si sehemu ya Ufalme wa Muungano wenyewe. Vina mabunge yao na sheria zao za kodi. Benki kubwa za Uingereza zina kampuni tanzu huko kwa ajili ya watu wanaoishi nje ya nchi zao. Mteja huweka pauni, dola au yuro, na anapohama kutoka Dubai kwenda Singapore akaunti yake haihami. Hayo ni manufaa ya kweli. Mtu mwenye mkataba wa miaka miwili, asiyejua mwajiri atampeleka wapi kesho, anahitaji mahali pa kuweka mshahara wake. Wale wanaosema kuwa kuweka fedha katika nchi isiyokuwa ya Waislamu ni haramu moja kwa moja hawana dalili. Waislamu wamefanya biashara na nchi hizo tangu karne za mwanzo, na mafaqihi wakaijadili mikataba yao mmoja mmoja; hawakuifuta yote kwa kalamu moja. Umbali wa fedha si dhambi.

Lakini ikiwa umbali hauharamishi, basi vilevile hauhalalishi. Hapa ndipo maandishi ya aina zote mbili yanapoteleza.

Kijitabu cha benki humwambia mteja kuwa fedha zake "zimewekwa". Neno hili linapotosha. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Zubeir bin Al-Awwaam (R.A.) alikuwa akiletewa mali na watu ili awahifadhie, naye akikataa kuipokea kama amana na kuifanya mkopo, akichelea isije ikapotea mikononi mwake na mwenyewe akakosa haki. Zubeir alikuwa akijua tofauti. Amana ikipotea bila uzembe, aliyeipokea halipi. Mkopo ni deni katika dhima ya mkopaji kwa hali yoyote. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jiddah, katika kikao chake cha 9 kilichofanyika Abu Dhabi mwaka 1995, iliamua kwamba akaunti za kawaida za benki ni mikopo kwa mtazamo wa kifiqhi, kwani benki inazimiliki fedha, inazitumia, na inawajibika kurudisha mfano wake. Kwa hiyo mwenye akaunti Jersey ni mkopeshaji, na benki ni mdaiwa wake. Akiongezewa kwa sharti juu ya alichokopesha, jina la nyongeza hiyo linajulikana na kila mwanafunzi aliyefika mlango wa riba.

Walioweka fedha katika benki ya Kaupthing Singer & Friedlander ya kisiwa cha Man walilijua hilo kwa uchungu mwezi Oktoba 2008, benki hiyo ilipofunga milango. Wengi wao walikuwa watu waishio nje, na mfuko wa fidia wa Uingereza haukuwahusu kwa sababu Man si Uingereza. Walilipwa kwa mafungu, kwa muda wa miaka. Guernsey wakati huo haikuwa hata na mfuko wa fidia, na ulianzishwa baada ya benki ya Landsbanki kuanguka huko mwezi uleule. Vijitabu vilikuwa na picha nzuri za bahari.

Sasa tuje kwenye hoja ya daarul-harb. Wanaoitumia hutaja jina la Imam Abu Hanifa na kunyamaza, kana kwamba jina peke yake linamaliza maneno. Ni kweli kuwa Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad bin Al-Hasan walisema kwamba Muislamu aliyeingia daarul-harb kwa amani anaweza kuchukua ziada kutoka kwa harbii kwa ridhaa yake. Lakini ni kweli pia kuwa Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa zaidi wa Abu Hanifa, alimkhalifu mwalimu wake katika mas-ala haya na akakubaliana na Al-Awzaai kwamba riba ni haramu popote. Hiyo ndiyo kauli ya Malik, Shafii na Ahmad. Msomaji aliyeambiwa "Mahanafi wanaruhusu" hakuambiwa hata nusu ya habari.

Dalili yao kubwa ni hadithi ya Makhuul, yenye maana ya kuwa hakuna riba baina ya Muislamu na harbii huko. Makhuul ni tabii wa Sham; hakumdiriki Mtume (S.A.W.), hivyo hadithi ni mursal. As-Sarakhsi katika Al-Mabsuut ameitetea kwa kusema kuwa Makhuul ni faqihi mwaminifu na mursal ya mfano wake hukubaliwa. Imam Shafii alisema haikuthibiti, na An-Nawawi katika Al-Majmuu akaihukumu kuwa ni mursal dhaifu isiyosimamisha hoja. Hata ingethibiti, matini yake inabeba maana mbili: yaweza kuwa ni habari ya kuruhusu, na yaweza kuwa ni katazo lililokuja kwa sura ya habari, kama vile Qur-aan ilivyokataza maneno machafu na ugomvi katika Hija kwa kusema kuwa havimo. Mwenye kusoma Kiarabu anajua kuwa mtindo huo ni wa kawaida. Je, aya za Suratul Baqarah, kuanzia ya 275 mpaka ya 279, zilizokuja bila kufunga hukumu kwa nchi yoyote, zitafungwa na mursal yenye maana mbili?

Dalili ya pili ni kisa cha Abbas (R.A.), ambaye riba yake Mtume (S.A.W.) aliifuta katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria. Wanasema alisilimu zamani na akaendelea kuchukua riba Makka ilipokuwa daarul-harb. Jibu la Jamhuri ni kuwa yaliyofutwa yawezekana kuwa ni madeni ya zama za Jahiliyya yaliyokuwa bado yanadaiwa. Na jambo lenye uwezekano haliwi hoja. Dalili ya tatu, ya Abubakar (R.A.) kuwekeana dau na washirikina juu ya ushindi wa Warumi, ilikuwa kabla ya kuharamishwa kamari, kwa hiyo sioni haja ya kukaa juu yake.

Lakini tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba kauli ya Abu Hanifa ndiyo sahihi. Je, inamfaa ndugu yetu aliyeko Maskati? Kauli hiyo inamzungumzia Muislamu *aliyeingia* katika nchi hiyo na kufunga mkataba humo. Huyu wetu hajawahi kuiona Jersey. Ameketi nyumbani kwake Al-Khuwair, adhana inasikika dirishani, anajaza fomu kwa simu. Mahanafi wenyewe waliliona tatizo hili kabla ya kuwepo simu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), aliulizwa juu ya wafanyabiashara wa Kiislamu waliokuwa wakilipa fedha kwa harbii aliyeko nchini kwake ili awadhamini shehena zao zikizama au kuporwa, naye harbii akiwa na wakili katika miji ya Waislamu. Alijibu katika Raddul-Muhtaar kuwa si halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia hiyo, na akapambanua baina ya mkataba uliofungwa katika nchi ya Kiislamu na ule uliofungwa kule, kwani ule wa kwanza unahukumiwa kwa hukumu za Uislamu hata kama upande wa pili ni harbii. Basi yule anayemwambia mkaazi wa Maskati achukue riba ya Jersey kwa madhehebu ya Hanafi, amemtoa katika madhehebu ya Shafii au ya Ibadhi aliyolelewa nayo, na hakumfikisha kwa Hanafi. Amemwacha njiani.

Ama aliyekwisha kuandikiwa riba katika akaunti yake, naye ametubu, afanye nini? Wapo wanaosema aiachie benki. Jumuiya ya Fiqhi ya Rabita, Makka, katika kikao cha 9 mwaka 1406 Hijria (1986), ililijadili jambo hili hasa na kuamua kuwa asiiachie, na kwamba dhambi ya kuiachia benki za nje ni kubwa zaidi kwa sababu ya wanavyoweza kuitumia. Bali aitoe katika maslahi ya Waislamu kama skuli na hospitali, kwa nia ya kujitakasa, wala asiihesabu kuwa ni sadaka yake. An-Nawawi naye amemnukuu Al-Ghazali kuhusu mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe kuwa hupelekwa katika madaraja, misikiti na mfano wake. Bora zaidi ni kuiambia benki isiandike riba kabisa, au kutumia akaunti isiyokuwa nayo. Na leo mtu hana udhuru wa kusema hakuna njia: benki ya Kiislamu Dubai ilianza mwaka 1975, Kenya zilianza kufanya kazi mwaka 2008, Tanzania Amana ilifunguliwa mwaka 2011, na Oman Bank Nizwa mwaka 2013.

Juu ya siri na kodi nitasema machache, kwani siri yenyewe imekwisha. Tangu Septemba 2017 visiwa hivyo hupeleka habari za akaunti za wageni kwa mamlaka za kodi za nchi wanazoishi zilizomo katika mpango huo. Aliyepewa ukaazi Uingereza kwa sharti la kutaja mapato yake yote, kisha akaficha ya kisiwani, amevunja ahadi aliyoingia nayo. Imam Shafii katika Al-Umm amesema wazi kuwa Muislamu aliyeingia kwao kwa amani, wao nao wana amani kutoka kwake. Mwenye kuishi mahali pasipo na kodi ya mshahara, huyo hakumdhulumu mtu.

Jambo ambalo vijitabu havilisemi, na majibu ya kifiqhi hayakuligusa kabisa, ni mauti. Nimeshirikishwa katika mirathi ya mtu aliyefia Ghuba, ambayo mjane alijua habari ya akaunti ya kisiwani kwa kadi tu aliyoikuta ndani ya pasi ya zamani ya marehemu. Watoto watatu walikuwa Mombasa, mmoja Toronto. Benki ikataka kibali cha mirathi cha mahakama ya kisiwa, ambacho hati ya kadhi peke yake haikutosha kukileta, na wakili wa kisiwani alilipwa kutoka katika haki ya mayatima. Na pale akaunti inapokuwa ya watu wawili, mume na mke, mara nyingi sheria ya huko humpa aliyebaki hai fedha zote. Mjane akipewa kwa utaratibu huo, si zake mbele ya Mwenyezi Mungu ila thumuni yake ikiwa marehemu ameacha watoto, pamoja na kile alichokichangia mwenyewe. Wazazi wa marehemu wana sudusi zao, na watoto wana kilichobaki.

Linganisha na Zubeir. Aliuawa mwaka 36 Hijria, siku ya Jamal. Hakuacha dinari wala dirhamu, bali ardhi na nyumba: 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri, na madeni ya 2,200,000. Mali yake ilitapakaa nchi baina ya nchi. Lakini siku ileile, kabla hajafa, alimwita mwanawe Abdullah na kumuusia madeni yake. Abdullah aliyalipa, na warithi walipotaka kugawiwa alikataa mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija kwamba mwenye kumdai Zubeir na ajitokeze. Kwa hiyo mwenye akaunti nje na aandike: jina la benki, nambari, kiasi, na fedha hizo ni za nani hasa, kisha ashuhudishe watu wawili na karatasi ikae kwa mtu anayejulikana.

Imebaki zaka. Kwa kuwa fedha za akaunti ni deni kwa mdaiwa mwenye uwezo anayekiri, na mwenyewe anaweza kuzichukua wakati wowote, Mashafii huwajibisha zaka yake kila mwaka unapotimia, hata kama hakugusa senti. Ikitokea benki kuanguka kama ile ya Man, atangoja mpaka apokee, kisha atoe ya miaka iliyopita. Riba haiingii katika hesabu, kwani si mali yake. Hiyo hutolewa yote.

Na itolewe wapi? Mwanafunzi aliyesoma Minhaaj atakumbuka kuwa kwetu zaka hugawiwa mahali ilipo mali, na kuihamisha hakufai kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Je, apewe masikini wa Jersey? Hapana. Wanavyuoni wetu wa zama za mwisho wamesema kuwa zaka ya deni mwenyewe huitoa katika mji autakao, kwa sababu deni limo katika dhima, na dhima haina mahali. Basi mtu wa Pate anayefanya kazi Doha, mwenye fedha Jersey, anaweza kupeleka zaka yake Pate, kwa mafakiri wa mtaa aliozaliwa. Ila si kwa mama yake aliye fakiri, kwani huyo masurufu yake ni wajibu juu ya mwanawe, na yatoke katika mshahara.