Wageni Sita, Chungu Kimoja

Dagaa wa Kibirizi, mwaloni Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hawamsubiri mtu. Mitumbwi ikiingia alfajiri, wachuuzi wanakuwa wamekwisha kusimama majini hadi magotini, bei zinapigiwa kelele, na jua likipanda kidogo tu mzigo wote unakuwa umetandazwa ukauke. Mgeni anayetaka kuwala wabichi, wamekaangwa muda huohuo kwa chumvi na ndimu, aondoke Katubuka, mjini Kigoma, kungali na giza. Akichelewa kwa chai ya hotelini, atakuta dagaa wakavu, na hao anaweza kuwanunua hata Dar es Salaam.

Kumfikisha mtu kwenye chakula saa yake ni ufundi, na unastahili kusifiwa kama ufundi mwingine wowote. Mwongozaji mzuri wa safari za mapishi mkoani Kigoma hutazama mwezi kabla ya kutaja bei. Dagaa hufuata taa, na taa hushinda usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hubaki nyumbani. Basi anayewaahidi wageni samaki wa usiku wa mwezi mpevu hajaijua kazi yake.

Na wageni wawe wachache. Sita wanatosha.

Sababu inaonekana wazi kwa wakamuaji wa mawese, katika vijiji vya upande wa Simbo. Mkungu wa chikichi ukishakatwa huachwa siku kadhaa ili tembe zilegee. Huchambuliwa, huchemshwa kwenye pipa hadi nyama yake ilainike, kisha huingizwa kwenye mashine ya mkono, na watu huisukuma nguzo yake wakizunguka. Mafuta hutoka mazito, mekundu yanayokaribia rangi ya machungwa, yakiwa bado na maji, kwa hiyo hurudishwa motoni mpaka yaache kutokota. Harufu yake hunasa kwenye nguo. Wageni sita husimama kando, wakaulizwa kama wanataka kusukuma, wakasukuma. Wageni thelathini huziba njia, na mkamuaji analazimika kuacha kazi ili apigwe picha.

Mise, ile mbegu ngumu ya ndani, haitupwi. Hukaushwa na kupasuliwa, nayo ina mafuta yake, yanayofaa kwa sabuni.

Baada ya hapo ndipo chungu kinapoeleweka: samaki mgebuka aliyepikwa kwa mawese yaleyale, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa ikalainika kabisa, na ugali wa muhogo unaovutika mkononi. Watu wanakula sinia moja, na mwenye nyumba anaketi nao. Hakuna maelezo ya mwongozaji yanayoweza kuchukua nafasi ya mama mpishi anayeeleza kwa nini mawese ya leo ni mepesi kuliko ya juzi.

Biashara hii ya samaki na mawese si ngeni. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliikuta sokoni.

Wala kumlisha mgeni pale chakula kinapotoka si jambo la Kigoma peke yake. Huko Italia, sheria ya mwaka 1985 iliwafungulia wakulima njia ya kupokea wageni mashambani na kuwalisha mazao yao, na mvinyo ukawa mwenyeji mkuu wa meza. Mvinyo wa Tanzania uko Dodoma, kwenye reli ya kati ileile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Anayekuja kwa treni anaweza kushuka njiani akaona mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka. Ujiji, mji wa misikiti, mwongozaji mwenye adabu hatembezi chupa. Kinywaji cha kujivunia huku ni kahawa ya milima ya Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, ambako wageni wachache wanaweza kuchuma, kumenya, kukaanga na kunywa katika uwanja mmoja. Malipo nayo hukabidhiwa hapohapo, mkononi mwa aliyefanya kazi, na hilo ni jema.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa, uvuvi ukasimama kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo safari haina budi kugeukia michikichi na kahawa. Samaki akiwapo mezani ni aliyekaushwa mapema, na mgeni huambiwa hivyo kabla hajalipa.