Mshipi kiunoni mwa goroli ya risasi

Anayeokota goroli ya risasi iliyokwisha kupigwa hutazama kwanza uso wake uliobondeka. Hapo hakuna mengi ya kusoma, maana ubao au udongo ulioipokea umefuta yaliyotangulia. Habari za bastola ziko kiunoni na mgongoni mwa goroli, na huko ndiko uchunguzi unakostahili kuanzia.

Chukua Colt Navy ya 1851, bastola ya matundu sita iliyotumiwa sana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kila tundu la silinda humiminiwa baruti nyeusi kwa mbele, goroli huwekwa juu yake na kushindiliwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kisha fataki hupachikwa nyuma. Goroli hufanywa kubwa kuliko tundu kwa makusudi, ili mdomo wa tundu uinyoe pete nyembamba ya risasi. Pete ikitoka nzima, tundu limezibika sawasawa: moto wa tundu jirani haupenyi kwa mbele, na mshtuko wa mlio hauisogezi goroli ikakwamisha silinda.

Kunyolewa huko huacha mshipi bapa kiunoni, na upana wake hukokotolewa kwa kanuni ya Pythagoras: toa kipeo cha pili cha kipenyo cha tundu kutoka kipeo cha pili cha kipenyo cha goroli, kisha tafuta kipeuo. Goroli ya milimita 9.53 katika tundu la milimita 9.45 hupata mshipi wa milimita 1.2 hivi. Tumia ya milimita 9.65, na mshipi unakaribia milimita 2. Kwa nyongeza ndogo kama hiyo, sehemu inayoshikwa na mtutu imeongezeka kwa zaidi ya nusu! Ndiyo sababu napendelea goroli iliyozidi kidogo, hata kama wenzo utakuwa mzito.

Mtutu wa Colt Navy una mifereji saba, na matuta yaliyo kati yake huchimba mshipi huo. Goroli iliyopita vizuri ina alama saba zenye kingo kali, zilizoinama upande mmoja, na risasi kati yake imejaa hadi chini ya mfereji. Lakini goroli huruka kutoka tunduni bila kuzunguka, ikakutana na matuta ghafla. Ikiteleza kabla ya kushikwa, alama huwa pana zaidi upande wa mbele. Kati ya alama pakiwa bado na ngozi laini iliyoachwa na tundu, basi tundu ni jembamba kuliko mtutu, na gesi imepita pembeni. Hapo mpigaji hulaumiwa bure kwa shabaha mbovu.

Alama zikiwa na kina upande mmoja na hafifu upande wa pili, silinda haikukaa mkabala na mtutu. Goroli moja haitoshi kutoa hukumu hiyo. Zipigwe kwenye tangi la maji zisiharibike, kila moja iandikwe namba ya tundu lake. Kasoro ikionekana kwa moja kati ya sita, kagua tundu hilo. Ikionekana kwa zote, kagua mtutu.

Mgongoni utaona vijishimo vilivyopigwa na chembe za baruti, na mbele, kama hapajabondeka, duara la kichwa cha wenzo.

Iko pia alama ya kalibu, iliyokuwepo kabla ya baruti kuguswa. Mwaka 1835 huko Southampton, Uingereza, mpelelezi Henry Goddard aliona kijinundu kwenye goroli iliyodaiwa kupigwa na wezi. Kasoro iliyokizaa ilikuwa ndani ya kalibu ya mtumishi wa nyumba ileile, na hadithi ya wezi ikaanguka. Nami ningemwomba kila mwenye bastola ya aina hii anayetaka goroli zake zichunguzwe alete kalibu pamoja nazo, bila kuisugua.