Kolwezi katika filamu: macho ya nani?

Filamu «La Légion saute sur Kolwezi» ya Raoul Coutard ilitoka mwaka wa 1980, miaka miwili tu kisha vita ya siku sita. Lakini haikupigwa hapa kwetu. Ilipigwa Guyane, kule Amerika ya Kusini. Mutu wa Manika ataitazama mpaka mwisho, muji wake hatauona. Maparashuti yanashuka, Wazungu wanaokolewa, nasi wenye muji tuko nyuma ya picha, bila jina. Na kumbe, mwezi wa tano 1978, weusi waliokufa walipita Wazungu kwa wingi! Filamu hiyo ni ushuhuda mzuri, ndiyo, lakini wa Ufaransa ya Giscard.

«Katanga Business» ya Mubeleji Thierry Michel (2009) ni kitu kingine: wachimbaji wa mikono, Gécamines iliyochoka, Wachina wanaoingia. Wakati ule tuliujua hivyo, ingawa wakubwa ndio wanasema sana. Katika «Kolwezi on Air» ya Idriss Gabel (2016), kamera inatembea na wanahabari wa televisheni ya hapa hapa. Sasa ni batu ya muji ndio banauliza maswali.

Mimi ningependa kuona ile 1978 vile mama wa Manika aliiona, akiwa amefungia watoto ndani.