Sayuni iko wapi? Diski mbili zenye jina la Kongo

Makatekista wa Masisi na wa Walikale wanatuuliza mara kwa mara: muziki wa rege ni wa Mungu ao ni wa shetani? Wanaona vijana wenye kofia za rangi nyekundu, manjano na kijani, wanasikia harufu ya bangi, na hukumu imekwisha kukatwa. Sisi tunaona kwamba ulizo limewekwa vibaya. Wimbo unapashwa kusikilizwa kwanza, kiisha kupimwa. Tumechagua basi diski mbili. Si mpya, lakini vijana wetu wanaweza kuzipata leo katika simu zao, na zote mbili zina jina la Kongo.

Zilitoka katika nyumba moja. Lee Perry, fundi wa sauti wa Jamaika, aliyekufa mwaka 2021, aliijenga mwaka 1973 katika kiwanja chake huko Kingston. Aliiita Black Ark, jina lenye kukumbusha Sanduku la Agano. Mashine yake ilipokea sauti kwa njia 4 tu, lakini kwa umaskini ule alifanya maajabu. Huko ndiko alikoendelesha ufundi wa dabu: fundi anaondoa sauti ya mwimbaji, anaacha ngoma na gitaa ya besi, kiisha anarudisha neno moja moja, kama mwangwi katika bonde.

Diski ya kwanza ni Heart of the Congos, ya mwaka 1977. Waimbaji ni Cedric Myton, mwenye sauti ya juu sana, na Roydel Johnson. Watty Burnett aliongeza sauti nzito ya chini. Sauti hizi tatu zinapatana vizuri kuliko kwaya nyingi tunazozijua. Wimbo Fisherman unaonyesha taabu ya muvuvi maskini mwenye watoto wa kulisha. Na pahali fulani inasikilika sauti kama ya ng'ombe anayelia. Mutu wa malisho ya Masisi atacheka kwa furaha. Maneno yamejaa Biblia. Lakini Kongo ya diski hii ni ya ndoto: ni jina la babu waliochukuliwa utumwani, si inchi yenye barabara za matope na watu wenye deni.

Diski ya pili ni ya Seke Molenga na Kalo Kawongolo, Wakongomani wawili waliofika kwa Perry wakati inchi yetu iliitwa Zaire. Ilitoka mwaka 1979. Waliimba kwa Kilingala juu ya ngoma za Jamaika. Kwa ufundi haifikie ile ya kwanza: mara sauti zinazama, mara tarumbeta zinakwenda njia yao. Lakini ina kitu ambacho ya kwanza haina. Wajamaika walilia wakiitazama Kongo, na hapo hapo Wakongomani wawili waliimba wakiwa mbali na kwao. Mutu akisikiliza zote mbili, anaanza kujiuliza: Sayuni iko wapi?

Hapa ndipo ulizo linatugusa. Warastafari walifundisha kwamba Sayuni ni Afrika, na kwamba Haile Selassie, aliyevikwa taji mwaka 1930, ndiye Masiya. Hilo ni kosa, na tunapashwa kulisema wazi. Mufalme yule mwenyewe alikuwa mukristu wa Kanisa la Etiopia. Lakini kijana wa Masisi yuko Afrika tayari, na tangu vita vya mwaka 1993 jamaa yake imekimbia mara ngapi? Mutu anayelala chini ya hema hadanganyike kirahisi kwamba Sayuni ni fasi ya dunia hii.

Hatari kubwa iko katika neno Babeli. Katika nyimbo nyingi za rege, Babeli ni mwingine: serikali, askari, mugeni. Katika vilima vyetu, ambapo kila kabila linajua kuhesabu makosa ya jirani, fundisho hilo ni moto katika majani makavu. Mukristu anajua kwamba Babeli ina mulango pia katika moyo wake mwenyewe. Hilo diski hizi hazilisemi kwa kutosha.

Lakini tusiwe wavivu wa kukiri jambo jema. Wako watu waliopoteza maneno kwa ajili ya yale waliyoyaona. Dabu, ikiondoa maneno na kuacha ngoma, inawapa nafasi ya kukaa na uchungu wao. Sisi tunawaharakisha waimbe Aleluya. Ni mara ngapi tumewafundisha Zaburi 44, ao 88, ao De profundis, mahali pa kulia mbele ya Mungu bila haya?

Hatusemi kwamba diski hizi ziingizwe katika Misa. Tunasema hivi: kijana akileta simu yake, katekista asikilize wimbo muzima mbele ya kusema neno. Bangi, aikataze wazi. Kiisha wafungue pamoja Zaburi 137 (136 katika vitabu vya Kilatini), wasome mpaka mwisho, hata maneno makali ya kisasi, na amuulize: Babeli ni nani kwako, na je, uko tayari kumuombea?