Neno la Sharti katika Lugha ya Sheli

Sheli ya Bourne ni lugha ya kuipa kompyuta amri. Aliyeitunga ni Stephen Bourne, wa Bell Labs huko Marekani, nayo ilitolewa mwaka 1979 pamoja na toleo la 7 la Unix. Hata leo watu wengi huandika hati zao za amri kwa kanuni zake. Yafaa tulitazame neno lake la sharti, tupime uzuri wake na upungufu wake.

Sharti hilo laanza kwa "if", maana yake kama. Hufuata "then", yaani ndipo. Kisha "else", yaani la sivyo. Nalo hufungwa kwa "fi", ndilo neno la kwanza lililogeuzwa. Desturi hiyo yatoka katika lugha ya Algol 68. Wako waichekao, lakini mimi naiona njema, maana msomaji huona wazi mahali sharti linapoishia.

Uzuri wa pili wapita huo. Baada ya "if" huwekwa amri, nayo ikiisha kutenda huacha hesabu. Ikiwa ni 0, amri imefaulu, na kazi za "then" hufanywa; ikiwa ni hesabu nyingine yoyote, hufanywa za "else". Wanafunzi hushangaa kuona 0 ikiwa ndiyo. Lakini kufaulu ni kwa namna moja, na kushindwa kuna sababu nyingi.

Basi hapo ndipo penye upungufu. Amri ya "grep", itafutayo neno ndani ya faili, huacha 0 ikiliona, 1 isipoliona, na 2 ikipatwa na kosa, kama vile kulikosa faili lenyewe. Majibu ni matatu, bali milango ya sharti ni miwili. Ni kama baba aliyemtuma mtoto kumtazama jirani. Mtoto arudi, asema, "Mto umejaa, sikufika." Baba ajibu, "Kumbe jirani hayupo."

Tuseme karani ameandika hivi: kama jina la mwanafunzi limo katika orodha ya waliolipa ada, aachwe, la sivyo, afutwe. Siku faili la orodha likihamishwa, watafutwa wote, hata waliolipa. "Grep" itaandika malalamiko yake, lakini kazi haitasimama.

Dawa imo katika lugha ile ile. Neno "case" lina milango mingi kadiri mwandishi apendavyo: 0, aachwe, 1, afutwe, hesabu nyingine, kazi ikome na mtu aitwe. Ninalolaumu ni kwamba sheli haimlazimishi mtu kuitumia, na njia fupi ndiyo yenye hatari.

Kwa hiyo, sharti hili ni chombo chema kwa kazi ndogo. Lakini asiwepo aiwekaye kazi ya kufuta chini ya "else", mpaka ahakikishe kwamba "hapana" aliyoipata ni hapana kweli.